Mwacheni mjukuu wangu na machotara wake wa miungu

Mhariri,

Ndugu yule aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita, akitaka wazazi tuwanyang'anye watoto riwaya za miungu ya Kigiriki kwa kuwa zinafundisha kuabudu masanamu, nadhani aliishia kwenye majalada. Mimi hata jalada silijui. Kitabu cha kwanza kilipotufikia kilikuwa kimeshachunika, kimebaki na muhuri wa maktaba ya huko Marekani. Kaka yangu alikiokota kwenye vitabu vya mtumba Dar es Salaam, akamletea mjukuu wangu kwa sababu kilikuwa kinene na kiliuzwa bei moja na vyembamba.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Mjukuu ana miaka 12. Mama yake yuko kazini Maskati, na ndiye anayelipia shule ya mchepuo wa Kiingereza. Kusoma kwake kulikuwa ugomvi wa kila siku. Herufi b na d kwake ni mapacha, na mstari humpotea kabla hajaufikisha mwisho. Nimeitwa shule mara tatu kuambiwa mtoto hatulii. Basi Januari ile, msimu wa sare, niko barazani nakunja marinda ya sketi, naye kajilaza mkekani na kitabu chake, nikasikia kimya. Saa nzima. Nikajua kalala. Nachungulia, namwona kaweka kidole chini ya mstari, midomo inakwenda.

Kumbe shujaa wa kitabu, Percy Jackson, naye herufi zinamruka. Na humo wanamwambia sababu: akili yake imeumbiwa Kigiriki cha kale, ndiyo maana Kiingereza kinamtoroka, na huko kutotulia kwake ni wepesi wa mtu wa vitani. Binti yangu alinitafutia habari za mwandishi kwenye simu. Ni Rick Riordan, mwalimu wa Texas, aliyekuwa akimsimulia mwanawe visa vya Wagiriki wakati wa kulala. Mtoto yule alikuwa na tatizo hilohilo la kusoma na kutotulia. Visa vya zamani vilipokwisha, akamwomba baba atunge vipya. Kitabu kikatoka mwaka 2005, vikafuata vinne hadi 2009.

Kiingereza changu ni cha kununulia vitambaa tu, kwa hiyo mjukuu ananisomea kimya kisha ananitafsiria huku nashona. Hapo ndipo nilipomwona ana akili ambayo ripoti za shule hazikuwahi kuiandika. Mtoto aliyezaliwa na mungu na binadamu, alifikiri kidogo akasema "chotara". Kambi yao ikawa Kambi ya Machotara. Kuna kiumbe anayetabiri mambo, akamwita mpiga ramli. Nikamwambia huyo ni kahini, akaandika pembeni kwa penseli. Medusa, yule wa nywele za nyoka, ana duka la masanamu kandokando ya barabara, anawashibisha watoto wenye njaa baga na chipsi kwanza. Miungu wanakaa ghorofa ya 600 ya Empire State Building, New York. Nikamuuliza jengo lenyewe lina ghorofa ngapi. "102, bibi. Ndiyo maana watu hawawaoni."

Sasa hayo ya kuabudu masanamu. Mimi ni Muislamu, swala zangu tano hazinipiti, na nilikuwa na wasiwasi huohuo wa ndugu yetu mpaka niliposikia miungu wenyewe walivyo. Wanagombana kama wake wenza, wanazaa na kuondoka. Hakuna hata mmoja anayetoa matunzo. Mjukuu aliniambia kwa kinywa chake kwamba Zeus, mkubwa wao, angekuwa Tanga angeshaitwa ustawi wa jamii. Huyo ndiye mtoto mnayeogopa atamsujudia?

Sisi wenyewe tulisoma safari za Sindbad Baharia, na jitu lililokula mabaharia likatobolewa macho kwa mishikaki ya moto. Jitu la namna hiyo limo katika kitabu cha pili cha mjukuu wangu, lina jicho moja na linaitwa Polyphemus. Hatukuharibika. Na anayesema hayo ni mambo ya Wazungu, Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Perseus, ambaye Percy amepewa jina lake, alimwoa Andromeda, binti wa mfalme wa Ethiopia.

Lakini lililonifanya nikamate kalamu ni bweni namba 11. Kambini kila mungu ana bweni la watoto wake. Ambao baba au mama zao hawajajitokeza kuwakiri wanarundikwa katika bweni la Hermes, wengine wanalala sakafuni, wanangoja. Mjukuu alipofika hapo alitafsiri taratibu sana. Alitafuta neno, akasema "wanasubiri kutambuliwa". Nikaacha kukanyaga pedali. Baba yake yu hai na anajulikana alipo, na hajawahi kupita barazani kwangu. Hatukusema kitu. Nikamwambia endelea.

Katika kitabu cha tano Percy anapewa nafasi ya kuwa mungu, asife. Anakataa. Anataka miungu waape kuwatambua watoto wao wote kabla hawajafikisha miaka 13. Mjukuu alinisomea ukurasa ule mara mbili, mara ya pili kwa Kiingereza, na mimi nikajifanya naelewa.

Humohumo Percy anajitosa katika mto Styx kama Achilles, shujaa wa Kigiriki ambaye mama yake alimchovya humo kamshika kisigino, na mwili wote hauingii silaha ila sehemu moja. Nikacheka, nikamwambia huyo ni Fumo Liyongo, hakuuawa kwa mkuki wala mshale, aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe. Akaitazama sindano yangu. "Bibi, mama yake alimchovya mtoni kamshika kitovu?" Kisha akataka kitabu cha Liyongo kinene kama hivi, chenye safari na vituko. Nikamwambia ninao utenzi niliosimuliwa na mama. Akasema utenzi anautaka pia, ila na kitabu.

Wachapishaji wetu wanaosoma ukurasa huu, swali hilo ni lenu. Na hizi za Kigiriki zitafsirini, maneno mtoto wa miaka 12 ameshayapata nusu.

Mwisho ni shida yangu mwenyewe. Kitabu cha nne, cha mwaka 2008, chenye handaki la Daedalus, fundi wa Kigiriki, tumekiruka kwa kukikosa. Msomaji aliye nacho, hata kama hakina jalada, mhariri anayo namba yangu. Nitamshonea sare ya mtoto mmoja, shati na kaptula, au sketi ya marinda. Kitambaa aje nacho.

Bibi fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga