Tuzo za afya ya akili zianzie mtaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu namna tunavyowatambua watu wanaoendeleza afya ya akili katika jamii. Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu mwaka 1992, hotuba hutolewa, fulana hugawiwa na mgeni rasmi hukabidhi vyeti. Sina ugomvi na sherehe hizo. Zinasaidia, kwa sababu si muda mrefu uliopita ugonjwa wa akili ulitajwa hadharani kwa kejeli tu. Ninachohoji ni nani huitwa mbele kupokea cheti, na anaporudi nyumbani nacho anabaki na nini cha kufanyia kazi.

Mtaani kwetu Mbagala yupo mama mmoja mhudumu wa afya wa kujitolea, ambaye asubuhi huuza chapati na maharage na mchana huzunguka nyumba kwa nyumba. Ana kaunta buku lenye tarehe za wagonjwa wa akili wanaochomwa sindano ya dawa kila mwezi, na za wenye kifafa, ambao hapa kwetu huhudumiwa katika kliniki hiyo hiyo ya afya ya akili. Ndani ya daftari hilo hakuna jina hata moja. Ameandika “geti la bluu”, “kwa fundi redio”, “mwembe wa pili”, ili hata likidondoka kwenye daladala asiwepo wa kuchekwa. Tarehe ya mtu inapokaribia, hupita pale nyumbani kama aliyekuja kuuliza bei ya mkaa, kumbe anaangalia kama kijana ameoga, kama analala usiku, kama sahani ya jana imerudi tupu. Akiziona dalili mapema, kijana huenda zahanati kwa miguu yake, akiongozana na mdogo wake. Zisipoonekana mapema, hupelekwa wiki mbili baadaye akiwa amefungwa kamba, watoto wakimfuata kwa kelele, na akirudi itamchukua muda mrefu kukubaliwa tena kijiweni.

Nauli na vocha ya simu mama huyu hulipa mwenyewe. Mwendesha bodaboda wa hapo kona humbebea wagonjwa kwa mkopo ambao wote wawili wanajua hautalipwa. Na kuna nyakati wote hao hufanya kazi yao vizuri, mgonjwa akafikishwa kituoni kwa wakati, kisha wakaambiwa dawa imeisha na waende kununua dukani. Familia inayoishi kwa kipato cha siku huahirisha, na anayekuja kubeba lawama mgonjwa anapozidiwa ni yule yule aliyewashawishi waende kituoni.

Simaanishi kwamba wataalamu hawastahili heshima. Mtu kama Profesa Gad Kilonzo, bingwa wa magonjwa ya akili aliyefundisha madaktari wengi pale Muhimbili, anastahili kutajwa kila mahali. Lakini wataalamu wenyewe ndio waliotufundisha kwamba tiba ya akili haiwezi kuishia wodini. Nchi hii iliwahi kujenga vijiji vya tiba, kikiwamo cha Vikuruti nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako wagonjwa walilima na kuishi maisha ya kawaida badala ya kufungiwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila watu 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Kwa kiwango hicho hakuna idadi ya vitanda itakayotosha, na Mirembe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Dodoma. Hata treni ya SGR, pamoja na raha yake, haiwezi kuwa ndiyo njia ya kwanza ya mkazi wa Mbagala kupata msaada.

Zimbabwe wametupa mfano ulio karibu na maisha yetu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare, akawafundisha kuwasikiliza watu wenye sonona na kuwasaidia kupanga namna ya kukabili matatizo yao, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Watu husimulia habari hii kana kwamba siri ni busara ya uzee. Mabibi hao walikuwa tayari wahudumu wa afya wa halmashauri ya jiji, walipewa mafunzo, walikuwa na msimamizi, na mgonjwa aliyezidi uwezo wao alikuwa na mahali pa kupelekwa. Busara bila hayo ingechoka mapema.

Kwetu pia mlango upo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini, wenye mafunzo na posho. Ningependa halmashauri za jiji letu, zinapowachagua, ziwatazame kwanza watu ambao tayari wanaifanya kazi hii ya afya ya akili bila kuombwa. Hicho kingekuwa cheti cha maana kuliko cha karatasi. Mkulima bora wa Nane Nane hupewa zana za kulimia. Sioni kwa nini anayewalea wagonjwa wa mtaa mzima apewe fremu ya kutundika ukutani.

Najua watakaosema kwamba posho itaua moyo wa kujitolea. Mara nyingi husemwa na watu wenye mshahara.

Uteuzi wenyewe ufanyike kwenye mkutano mkuu wa mtaa, kwa ushauri wa ofisa ustawi wa jamii na mganga mfawidhi wa kituo, kwa sababu majirani wanamjua anayepiga hodi usiku na anayetokea siku ya kamera. Wasisahaulike pia vijana waliopona uraibu. Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, baadhi ya waliokuwa wakilala magofuni wamekuwa wakiwashika mkono wenzao na kuwapeleka kliniki. Vikundi vyao, pamoja na vya waliopata nafuu ya magonjwa ya akili, vifikiriwe katika ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya watu wenye ulemavu.

Jambo jingine ni la wabunge wetu. Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na matokeo yake ni kwamba jirani anayemwokoa mtu hujiuliza maswali ya polisi kabla ya kufikiria hospitali, huku familia ikisingizia ajali na daktari akikosa kujua anatibu nini. Ghana iliifuta sheria ya namna hiyo mwaka 2023. Nasi tunaweza.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa waandishi wako. Wanapoandika habari za watu hawa, wasiwaombe wawapeleke kwa wagonjwa wao ili kupiga picha, hata kwa nia njema, maana imani iliyojengwa kwa miaka huweza kuvunjwa na picha moja. Badala yake waende kwenye dirisha la dawa la kituo cha karibu, waulize dawa za magonjwa ya akili kama haloperido na klopromazini, na dawa za kifafa, zimekosekana wiki ngapi mwaka huu, kisha jibu watakalopewa walichapishe pamoja na jina la kituo.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam