Barua kwa mwanangu Kabula kuhusu katuni za marehemu baba yako mkubwa

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Kabula,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha za yale majalada matatu, na nimefurahi kusikia kwamba umempata mnunuzi huko Uingereza anayeulizia magazeti ya katuni aliyoyaacha marehemu kaka yangu. Lakini pale uliposema kwamba yupo fundi wa vitabu Kariakoo ambaye atajaza rangi sehemu zilizochubuka, ataziba michaniko kwa gundi na kubadilisha pini zilizoota kutu kabla hujayapeleka posta, nilisoma mara mbili, nikaona heri nikuandikie kuliko kukupigia simu, kwa sababu kazi ya fundi yule ikishafanyika haifutiki. Tafadhali mwambie asubiri. Kwa kweli mwambie asiyaguse kabisa.

Nakuambia haya kama mtu aliyewahi kuharibu. Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini, kabla hujazaliwa, nilichukua katuni moja kati ya zile za kaka, ambayo kingo zake zilikuwa zimechakaa kama kanga ya kufulia, nikaipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi na kuondoa kama milimita mbili kila upande, isipokuwa upande wa mgongo. Ilitoka imenyooka, kingo nyeupe, nami nikajiona fundi. Mgeni mmoja aliyekuwa akikusanya vitu hivyo alikuja kuitazama. Hakusema neno, alitoa nyingine ya ukubwa uleule kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya yangu, akapitisha kidole gumba pembeni, na kidole kikagota pale ya kwake ilipozidi. Akanirudishia, akanishukuru kwa chai, akaondoka. Kingo zile chakavu angezinunua, ila kwa bei ya chini.

Sasa nikueleze namna wenzetu wanavyopima, maana mnunuzi wako atazungumza lugha hiyo. Ipo kampuni ya Marekani iitwayo Certified Guaranty Company, ambayo wengi huiita CGC, iliyoanza kazi mwaka 2000. Mwenye katuni huituma kwao, wakaguzi huipima na kuipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Usidanganywe na majina ya madaraja yao, kwani kile wanachokiita "nzuri" ni alama 2.0, yaani kitu ambacho sisi tungekiita gofu, na "nzuri sana" ni 4.0 tu. Kilicho karibu na upya kinaanzia kwenye 9 na kuendelea. Rangi ya lebo nayo inasema mengi: ya bluu ni ya katuni ambayo haijafanyiwa ukarabati, na ya zambarau ni ya ile iliyokarabatiwa, pamoja na maelezo ya kilichofanywa, ubora wa kazi hiyo kwa herufi A hadi C na wingi wake kwa tarakimu 1 hadi 5. Wanunuzi wengi wakiiona zambarau hushusha bei hata kama alama iliyoandikwa ni kubwa, na ndiyo maana katuni yenye 3.0 ya bluu inaweza kumvutia mtu kuliko yenye 6.0 ya zambarau. Kwangu mimi hiyo ni haki, ingawa najua wapo wanaolalamika kwamba ukarabati wa kitaalamu unaonewa, hasa kwa matoleo adimu ya miaka ya 1930 na 1940 ambayo bila mkono wa mtaalamu yangekuwa vipande vipande. Ya kwetu si ya umri huo wala si adimu kiasi hicho.

Nikirudi kwenye matatu uliyonayo, lile la kwanza lina mikunjo mgongoni. Liinamishe karibu na dirisha mchana ili mwanga upite juu yake kwa ubavu. Mkunjo ambao umevunja rangi utaonekana kama mstari mweupe mwembamba, na huo utabaki hapo milele, kwani hakuna anayeweza kuuondoa bila kupaka rangi, na kupaka rangi ni ukarabati. Mkunjo ambao rangi yake haijavunjika, lile bonde tu linaloonekana kwa kivuli, unaweza kunyooshwa na wataalamu kwa joto, unyevu kidogo na mgandamizo, na kampuni ile haihesabu jambo hilo kuwa ukarabati. Nasema wataalamu. Usije ukachukua pasi yako ya umeme, maana najua ulivyo.

La pili ni lile la mwaka 1974, ambalo kwa nje linang'aa kuliko yote na ambalo umelipangia bei kubwa. Fungua ukurasa wa barua za wasomaji. Kati ya mwaka 1974 na 1976 kampuni ya Marvel, wachapishaji wa katuni wa Marekani, ilikuwa ikichapisha stempu ndogo kwenye kurasa hizo ili watoto wazikate na kuzikusanya, na baba yako mkubwa, Mungu amrehemu, alizikata kwa wembe wa kunyolea, kwa ustadi mkubwa, kila alipoziona. Utakuta dirisha la mstatili na nyuma yake herufi za ukurasa unaofuata. Hapo katuni si kamili tena, hata kama jalada lake lingekuwa la juzi. Ikienda kwa wakaguzi huweza kupewa lebo ya kijani, ambayo maana yake ni kwamba kuna kasoro moja kubwa ndani ya kitu ambacho vinginevyo kingepata alama ya juu. Mwandikie mnunuzi jambo hili kwenye sentensi ya kwanza, kabla ya sifa nyingine yoyote, na umpelekee picha ya ukurasa huo.

La tatu ndilo linalonipa shida. Kuna selotepu iliyogeuka rangi ya chai kwenye mgongo, na ajabu ni kwamba selotepu huhesabiwa kasoro tu, wakati gundi iliyoziba mchaniko uleule huhesabiwa ukarabati. Kwa hiyo iache ilivyo, kwa sababu ukiibandua itaondoka na wino wa chini yake. Lakini nadhani pia kuna rangi ya bluu iliyoongezwa kwenye kona ya jalada. Tazama upande wa ndani wa jalada, ambao ni mweupe: wino wa kalamu ya maji hupenya na kuacha doa, ilhali wino wa mtambo haupenyi namna hiyo. Kama unamfahamu karani wa fedha mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, muombe dakika mbili, kwa sababu rangi iliyoongezwa mara nyingi hung'aa tofauti na ya awali chini ya taa ile. Inawezekana ni wewe, ulipokuwa na miaka sita na kalamu zako za shule. Mchoro wa mtoto ulio peke yake ni uchafu, lakini rangi iliyofunika mchubuko huonekana kama jaribio la kuficha, na wakaguzi hawana njia ya kujua kwamba ulikuwa unacheza.

Kuhusu kuyapeleka Marekani kupimwa, sioni sababu kwa hata moja kati ya hayo matatu. Ada ya ukaguzi hupanda kulingana na thamani ya kitu, kisha kuna usafirishaji wa kwenda na kurudi pamoja na bima, na katuni iliyochakaa haiwezi kuyabeba hayo yote. Mpe mnunuzi picha za mbele, nyuma, mgongo, pini na ukurasa wa katikati, na ukikisia 4.0 mwandikie 3.5. Kutu ya pini nayo itaje.

Yale 38 yaliyobaki nimeyatoa kwenye sanduku la bati, kwa sababu unyevu huu wa ziwa na joto la paa vilikuwa vinayamaliza, na nilikuta wadudu wa karatasi wameanza kula pembe. Karatasi ya magazeti ina asidi yake ya mti na hujichoma yenyewe polepole. Sasa yamesimama kabatini, mbali na ukuta wa nje. Magazeti ya picha ya Kiswahili yaliyokuwa humo sitayauza, hilo tusilijadili.

Nipigie picha ya upande wa ndani wa jalada la tatu, mchana, bila taa ya simu, nikutazamie kama doa lile ni la kalamu yako au la marehemu.

Mimi baba yako.