Msimuulize Okutoyi, ulizeni nani alimkatia tiketi

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya ukurasa wa michezo, ya Jumapili ya wiki iliyopita, iliyouliza nyota ya Angella Okutoyi, mchezaji wetu wa tenisi, imezimikia wapi, nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa dukani, nikaikunja nikaiweka chini ya kaunta. Mara ya pili usiku. Ya tatu nilimsomea mume wangu kwa sauti asubuhi yake, naye akaweka kikombe cha chai mezani akaniambia, "Mama Neema, waandikie." Nanunua gazeti hili tangu mwaka 1994 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Mwandishi wenu aliweka picha mbili sambamba. Ya kwanza, Okutoyi na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi wameshika kombe la wasichana wawili wawili la mashindano ya Wimbledon, Uingereza, Julai 2022. Ya pili, Victoria Mboko wa Kanada ameinua kombe la mashindano ya wakubwa ya Montreal, Agosti 2025, baada ya kumshinda Naomi Osaka wa Japani katika fainali. Akawakumbusha wasomaji kwamba siku ile ya Wimbledon Mboko alikuwa upande wa pili wa wavu, na kwamba aliondoka ameshindwa. Kisha akauliza imekuwaje mshindi asisikike na aliyeshindwa awe gumzo la dunia. Swali hilo ni la haki kabisa. Ila jibu alilolitoa, kwamba wachezaji wetu wakishapata kombe moja hukosa njaa ya ushindi, hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Njaa anaijua nani, Mhariri? Okutoyi na pacha wake walimpoteza mama yao wakiwa wachanga. Wakalelewa na nyanya yao, aliyekuwa mfanyakazi katika shule ya watawa kule Valley Road, Nairobi, wakaishi kwenye nyumba za wafanyakazi, na hapo hapo shuleni ndipo mtoto akaokota raketi akiwa na miaka minne. Akiwa bado mdogo akapelekwa Bujumbura, kwenye kituo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, akaishi huko mbali na kwao ili ajifunze mchezo. Mwaka 2021 akatwaa ubingwa wa vijana wa Afrika nchini Tunisia, na Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana, yaani moja ya yale mashindano manne makubwa ya tenisi, kule Melbourne, Australia. Hakuishia kwenye mechi moja, alishinda mbili. Na hiyo fainali ya Wimbledon mnayoitaja kwa mstari mmoja, walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na ile gemu ya kuamulia wakaimaliza 11-9. Mtu asiye na njaa hashindi 11-9. Angekuwa ameshakwenda kuoga.

Sasa niwaambie mwandishi wenu alichokiruka. Kombe la vijana la Wimbledon halina zawadi ya fedha. Unapewa kombe, unapigwa picha, unarudi nyumbani. Ili msichana wa miaka 18 aingie katika orodha ya ubora ya wachezaji wa kulipwa, lazima akatafute pointi kwenye mashindano madogo madogo, wiki baada ya wiki, Monastir, Sharm El Sheikh, Antalya. Mengi ya hayo, zawadi yote ya mashindano mazima ni dola 15,000, igawanywe kwa wachezaji wote. Anayetolewa raundi ya kwanza anapata pesa isiyofika dola 200. Hiyo haimlipii ndege, haimlipii chumba cha wiki nzima, haimlipii kocha wa kukaa pembeni amwambie anakosea wapi. Anayeanza kazi hii bila mtu nyuma yake anakwenda hasara hata wiki anazoshinda mechi mbili. Ndiyo maana Januari 2023 Okutoyi akaenda Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, Marekani. Kule alipata viwanja, makocha na masomo kwa pamoja, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa amesimama mlangoni na bahasha. Ninyi mmeandika kana kwamba alikwenda kujificha.

Na kutoka huko huko chuoni, Machi 2024, alikuja Accra kwenye Michezo ya Afrika akatuletea dhahabu ya wanawake mmoja mmoja, ya kwanza kwetu tangu mwaka 1978. Ushindi ule ungempeleka Olimpiki ya Paris, lakini kanuni ilimtaka awe pia ndani ya 400 bora duniani, naye hakuwamo. Bingwa wa Afrika akabaki nyumbani kwa sababu ya pointi, na pointi zinafuatwa kwa nauli. Hapo ndipo mngeweka picha zenu mbili mkauliza imekuwaje.

Sisemi haya kumpunguzia Mboko. Wazazi wake walitoka Kongo, na siku alipomshinda Osaka sisi hapa tulipiga makofi kama wa kwetu. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa. Shirikisho la tenisi la Kanada lina mashindano yake makubwa kila mwaka, lina kituo cha taifa Montreal, na pesa ya tiketi za mashindano hayo inarudi kwa watoto. Mboko aliuanza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora. Akapata mahali pa kucheza mfululizo, akashinda mashindano madogo moja baada ya jingine, na ilipofika Agosti wenyeji wakampa kadi ya mwaliko aingie moja kwa moja kwenye mashindano ya nyumbani kwake, mbele ya watu wake, akiwa nafasi ya 85. Akalipa wema huo kwa kombe. Kipaji kilikuwa chake. Ila mlango alifunguliwa na watu.

Mtauliza mimi muuza vitenge wa Nakuru nimeyajulia wapi. Mume wangu alifanya kazi ya kutunza viwanja vya tenisi katika klabu moja miaka 19. Ndiye aliyekuwa akivuta rola alfajiri kusawazisha udongo, akipaka mistari chokaa, akipima wavu kwa kijiti alichokikata mwenyewe, chenye alama ya msumari kwenye sentimita 91, maana katikati ya wavu ndipo panapopimwa, pembeni huwa juu zaidi. Watoto wa wafanyakazi waliruhusiwa kucheza kati ya saa sita na saa nane mchana, jua la utosi, wakati wenye klabu wako kwenye chakula. Binti yetu Neema alijifunzia hapo. Raketi yake ilikuwa ya mtu aliyeitupa. Mpini ulikuwa umechakaa hadi mbao, baba yake akaufunga kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa vipande vyembamba. Mtoto akitoka jasho, tyubu ilimwacha viganja vyeusi, na alikuwa akivifuta kwenye sketi nyeupe niliyomshonea kutoka kwenye shuka langu. Sketi hiyo nilikuwa nikiifua kila jioni kwa sabuni ya mche na doa halikutoka.

Akiwa na miaka 13 akachaguliwa kwenda kucheza mashindano ya vijana nchi jirani. Alikuwa amemshinda kila msichana wa rika lake katika mchujo. Tukaambiwa tulete barua ya klabu. Klabu ikasema barua huandikiwa watoto wa wanachama. Mume wangu akakaa nje ya ofisi ile siku tatu, kofia mkononi, mpaka wakaiandika. Tukapeleka barua kwa ofisi iliyokuwa ikishughulikia safari, tukaambiwa sasa lete nauli, shilingi 14,000. Nikakopa kwenye chama chetu cha kuwekeana akiba, nikaipeleka mwenyewe, nikaihesabu mbele ya yule ofisa noti moja moja. Akasema basi linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi saa kumi na moja tulikuwa stendi, giza bado halijatoka, mtoto kashika raketi kwa mikono miwili, mimi nimebeba mfuko wa mahamri na mayai ya kuchemsha ya kumtosha siku mbili. Kukapambazuka, kukawa kweupe. Saa moja na nusu akaja mlinzi akatuuliza tunangoja nini. Basi lilikuwa limeondoka Ijumaa usiku. Baadaye tukajua kiti cha Neema alikikalia msichana ambaye Neema alimshinda 6-1, 6-2, na sikutaka kujua baba yake ni nani kwa sababu nilikuwa najua. Nilitaka kupiga kelele pale pale, ila mtoto alinishika mkono akasema, "Mama, turudi. Baba atataka kusaidiwa kumwagilia uwanja." Miaka 13, na tayari alikuwa amejua la kufanya mtu akinyang'anywa. Pesa yetu ilirudi miezi saba baadaye ikiwa imepungua shilingi 2,000, na hakuna aliyetueleza hizo elfu mbili zilikwenda wapi. Chama nilikilipa kwa kuuza cherehani. Neema leo ni muuguzi, kazi yake anaipenda, na raketi iko juu ya kabati lake imefungwa kwenye ile sketi. Sijui kama angefika popote. Najua kwamba siku ile alizuiwa kujua.

Kwa hiyo mkiandika kwamba mabinti wetu hawana njaa, mnawaandikia watoto ambao mama zao walisimama na mahamri stendi.

Na kwa kuwa nimeanza, acheni niseme na hili. Hapa mjini kulikuwa na kiwanja cha umma cha saruji, nyufa tele lakini kiwanja. Leo kinaegeshwa magari, na mwisho wa wiki kinakodishwa kwa mahema ya harusi. Nguzo za wavu zilikatwa kwa msumeno, mashina yake bado yapo, mtoto wa jirani yangu alijikwaa hapo akapasuka goti. Gazeti lenu lina ofisi hatua chache kutoka hapo na sijawahi kuona picha yake. Nimehesabu kurasa zenu za michezo za Jumatatu nne. Kurasa tatu kati ya nne ni mpira wa Uingereza: nani kaumia kifundo, nani anauzwa, kocha gani kanuna. Matokeo ya wasichana wetu wanaocheza nje nimeyaona mara moja, mistari miwili, na jina la mmoja limekosewa.

Naomba mambo mawili. La kwanza, kila Jumatatu tengeni kisanduku kidogo, upana wa safu moja, mwandike mchezaji wetu gani wa kike alicheza wapi wiki hiyo, alipata nini, na nauli yake ililipwa na nani. Hilo la mwisho msiliache. Kama alilipa mama yake, andikeni alilipa mama yake. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na jibu la swali lenu, tena kwa majina na shilingi.

La pili ni ukuta. Mtoto hahitaji klabu ili aanze, anahitaji ukuta unaomrudishia mpira. Kila kaunti ijenge mmoja, kwenye shule ya umma isiyo na geti la kuulizia uanachama: urefu mita nane, maana kiwanja cha mchezaji mmoja mmoja kina upana wa kama hivyo, kimo mita tatu, upigwe plasta laini, na mbele yake sakafu ya saruji hatua kumi na tano. Kwenye ukuta upite mstari mweupe wa kuonyesha wavu. Nakuru waanze hata kesho. Mume wangu amestaafu lakini kijiti chake anacho bado, kiko nyuma ya mlango wa jikoni na msumari wake uko pale pale kwenye 91. Lita moja ya rangi inatosha, na amesema atauchora mwenyewe, bila malipo.

Mama Neema,
Nakuru