Nimshike kidevu mpaka lini ndipo anitazame?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Tanga. Mwanangu wa pili, wa kiume, ana miaka miwili na miezi saba. Nakuandikia usiku maana mchana nikishika kalamu ananipokonya. Shida yangu ukiisikia mara ya kwanza utaiona ndogo: mwanangu hanitazami usoni. Wala si mimi tu, hamtazami mtu. Ukimwita, ni kama hujamwita. Ukimbeba ukamgeuza akuelekee, macho yanapita juu ya bega lako yanatafuta pangaboi.

Anapopenda kukaa ni chini ya cherehani yangu. Ni ile ya kukanyaga, na lile gurudumu kubwa la chini hulitazama hata saa nzima, shavu limelala sakafuni, mpaka naviogopea vidole vyake. Nikiacha kukanyaga anaushika mguu wangu anaurudisha kwenye kanyagio. Mguu, Shangazi. Hainui uso aone mguu ule ni wa nani. Akitaka chapati hukamata kiganja changu akakipeleka juu ya hotipoti, kama mtu aliyeazima koleo kwa jirani.

Alichelewa tangu mwanzo. Uchungu ulikuwa mrefu, akazaliwa kimya, wakampulizia hewa ndipo akalia. Kukaa alikaa na miezi 11, kutembea alitembea anakaribia miaka miwili. Maneno anayo mawili, "maa" na "dii", na hiyo dii sijui ni nini, huenda ni mlio wa cherehani.

Majirani walianza kwa kusema ni kiziwi. Mimi nikabisha, kwa kuwa ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Daktari akaniambia hiyo si hoja, mtoto anaweza kusikia sauti fulani na nyingine zikampita, akaandika kipimo. Tulingoja alale, wakambandika vinyaya kichwani, masikio yakaonekana mazima. Machoni wakamtia matone ya kupanua mboni, wakamulika, hakuna mtoto wa jicho. Nilijifunza kitu hapo, na wateja wangu wenye watoto nawaambia: mtoto asiyekutazama huenda haoni vizuri, au hasikii, na aliyechelewa kulia alipozaliwa anaweza kuwa na macho mazima lakini ubongo usishike yanachokiona. Hayo huangaliwa mapema, watu wasikimbilie tu kusema usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na watu kwa namna tofauti na wenzake.

Alipofikisha miezi 26 tukajaziwa fomu ya maswali 20. Daktari alinieleza kuwa ni ya watoto wa miezi 16 mpaka 30, na haimpi mtoto ugonjwa, inaonyesha tu kama kuna haja ya kuendelea kuchunguza. Mengi niliyajibu upesi. Swali moja likaninyamazisha: je, huwa ananyoosha kidole kukuonyesha kitu? Daktari akafafanua, si kuomba, ni kukuonyesha tu, kwamba mama, ona ndege. Dada yake alikuwa akinionyesha kila kitu mpaka mende. Nilirudi nyumbani nalia ndani ya daladala kwa sababu ya mende. Karatasi iliandikwa kuchelewa kukua, na kwamba aendelee kuchunguzwa usonji.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hataki kulisikia hilo neno. Yeye anasema mjukuu wake ana haya, na kwamba watoto wa siku hizi ndio wasio na adabu, wanawakodolea macho wakubwa. Nami nimelelewa hivyo hivyo, ukisemeshwa na mkubwa unatazama chini. Kwa hiyo mwanzoni nilifarijika. Lakini nimewatazama watoto wa mtaani wenye haya. Mtoto mwenye haya anakuona kwanza, ndipo anajificha kwenye doti la mama yake, halafu anachungulia kama bado upo. Wangu hachungulii. Kombe amekunywa, dua amesomewa, na kwa hilo sina neno, ila mama mkwe sasa anataka kliniki iachwe.

Ninalokuandikia hasa ni hili la mazoezi. Mahali tunapokwenda, dada wa mazoezi alinielekeza nikae mbele ya mtoto, nimshike kidevu, biskuti niiweke usawa wa jicho langu, na nisimpe mpaka anitazame. Mara 10 asubuhi, mara 10 jioni. Nimefanya miezi miwili bila kuruka siku. Matokeo yake anatazama biskuti. Mimi niliye nyuma yake hanioni. Na siku hizi nikikaa tu mkekani, hata sina kitu mkononi, anafunika uso kwa mkono, anatambaa chini ya cherehani. Ameanza kujing'ata kifundo cha mkono, pana alama. Mume wangu anasema nivumilie, dawa ni chungu. Rahisi kwake, yeye hurudi saa mbili usiku mtoto ameshalala.

Sasa, Jumamosi moja nilikuwa nakunja kanga za wateja, moja ikanifunika kichwa. Nilikuwa nimechoka, nikaiacha. Nikasikia nyayo zake, zikasimama. Kimya. Halafu ile kanga ikavutwa taratibu, pindo likashuka puani, na mwanangu akawa ananitazama. Macho kwa macho, Shangazi, karibu mpaka nikauona mlango ukimeremeta kwenye mboni zake. Pumzi mbili hivi. Akacheka. Nikajifunika tena, akavuta tena. Tulirudia mara saba, akachoka, akaenda zake kwenye gurudumu.

Tangu hapo tunaucheza kila jioni. Nimegundua nikinyamaza nikangoja, anakuja. Nikimwita jina au nikimwambia "nitazame", yamekwisha. Nikilala chini naye tukalitazama gurudumu pamoja, nikaiga ile "dii" yake, mara nyingine ananiibia jicho, kidogo tu. Nilipomsimulia dada wa mazoezi akasema mchezo ni mchezo na zoezi ni zoezi, nisimharibu mtoto.

Shemeji yangu anayesoma chuo aliniambia kuna watafiti Marekani walitoa matokeo mwaka 2013: walipima watoto wachanga wanatazama wapi wakionyeshwa uso wa mtu, na wale waliokuja kugundulika na usonji walikuwa wakitazama macho kama wenzao walipokuwa na miezi miwili, kisha kule kutazama kukawa kunapungua kuelekea miezi sita. Nilishukuru kulisikia, kwa kuwa hapa nyumbani kesi nimeshapewa mimi, eti nilimpa simu na katuni. Simu aliishika baada ya kutimiza mwaka. Shemeji aliongeza kuwa baadhi ya watu wazima wenye usonji wanasema kutazamana macho kunawaumiza, na kwamba husikiliza vizuri zaidi wakitazama pembeni. Hilo limenikosesha usingizi. Kama ni kweli, basi mara zote 20 kwa siku nilikuwa namuumiza mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe, na biskuti juu yake.

Nakuomba unisaidie, na kama una daktari au mtaalamu wa watoto wa kumwuliza, mwulize. Nikiacha kumshika kidevu nikabaki na kanga na gurudumu, nitakuwa nimemkosesha tiba? Je, nidai kutazamwa, au niridhike ageuke nikimwita na anionyeshe anachokitaka, hata kama macho yako kwingine? Na mama mkwe nimwambieje, maana nikisema "usonji" anasikia namtukana ukoo?

Miadi yetu ni mwisho wa mwezi, na mume wangu amesema safari hii tunakwenda wote, ili asikie mwenyewe kama ninafanya zoezi inavyotakiwa. Ningependa niwe na la kusema.

Wako,
Mama wa Cherehani, Tanga