Tela ya boti inapiga kelele? Usikimbilie beringi tu

Wateja wengi wakituletea tela wanasema "fundi niwekee beringi mpya nisepe", na kwa tela ya kubebea mchanga pengine ingetosha, ila tela ya boti inaingia baharini na hapo ndo mambo yanabadilika. Umevuta boti toka Mbezi mpaka Kunduchi, jua kali, foleni, habu (ile kati ya gurudumu beringi zinapokaa) zimepata moto, ukifika unarudi rivasi mpaka maji yanafunika matairi. Hewa ya ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili (mpira unaozuia maji na grisi kupita), na kama sili imezeeka ndo kabisa. Maji chumvi yakichanganyika na grisi unaikuta nyeupe kama chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo usiongeze grisi juu yake, fungua kila kitu.

Sisi tukishafungua tunapitisha ukucha pale kwenye ncha ya ekseli beringi inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, au chuma kimegeuka cha bluu kwa kuungua, beringi mpya haitasaidia kitu, itacheza tu na sili haitabana, halafu siku moja uko zako barabarani unaona tairi linakuovateki na ni lako mwenyewe.

Tela nyingi za zamani zilizokuja na boti za mtumba toka Ulaya hazina springi, zina ekseli za raba, lile bomba la pembe nne lenye raba zimebanwa ndani. Raba zikichoka matairi yanalala juu kwa ndani, yanaliwa upande mmoja na madigadi yanakaribia kugusa. Hiyo haikarabatiwi jamani, inabadilishwa nzima. Kuchomelea kiraka ni kupoteza hela, maana kutu imekula toka ndani ya bomba na kilichobaki ni ganda tu.

Wapo wanaofunga ekseli ya nyuma ya Hiace, hatuwacheki, kama tela inatoka uwani kwenda majini na kurudi inasogeza siku. Barabara kuu tunakataa. Na ekseli mpya inachaguliwa kwa uzito, sio kwa macho: boti, injini (ya HP 100 haipungui kilo 150), mafuta (lita 200 za petroli ni kama kilo 150), nanga, maji, na tela yenyewe, halafu unaacha nafasi juu yake.

Sasa breki. Uingereza tela ikizidi kilo 750 pamoja na mzigo lazima iwe na breki, ndo maana tela yako ya mtumba ina zile breki za dramu hata kama hazijawahi kushika tangu uinunue. Gari likipunguza mwendo tela inasukuma mkono wa mbele, mkono unavuta waya, shuu (vile vipande vya breki ndani ya dramu) zinapanuka na kushika. Kwenye chumvi waya unaganda, shuu zinagandia dramu, fundi wa mtaani anakata waya na safari inaendelea, na tela za hivyo ndo tunazokutana nazo zaidi. Tukibadilisha tunaweka shuu, springi zake na waya vyote kwa pamoja pande zote mbili, upande mmoja ukishika peke yake tela inavuta pembeni. Breki za diski zinaoshwa kirahisi kuliko dramu inayotunza mchanga, ila zinataka mkono wa haidroliki pamoja na namna ya kuzifungia mafuta ya breki wakati wa kurudi rivasi, la sivyo zinashika unapopanda kinyumenyume. Gharama yake sio ndogo.

Kwa hiyo kama tela yako haitoki ufukweni hatutakuuzia breki, weka hela kwenye ekseli nzuri ya gelvanaizi na usuuze habu kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka. Ila mtu anayepeleka boti Ziwa Nyasa, ule mteremko wa Tukuyu kwenda Kyela bila breki za tela hapana, gari lako peke yake halitaushika huo mzigo.

Ukitaka bei tutumie WhatsApp picha ya ekseli, umbali wa habu kwa habu, umbali wa springi kwa springi (kama zipo) na idadi ya nati za tairi. Halafu tela ije tupu tafadhali, boti iache majini au kwenye stendi, hatupigi jeki na tangi limejaa.