Tajiri wa mtumbwi anataka jumuiya imdhamini aliyetoka gerezani: tumwandikie nini?

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi ni kamati ya jumuiya ndogo ndogo hapa Katubuka, Kigoma. Tunapokea ndugu wanaomaliza vifungo, wengi wakitoka gereza la Bangwe, wachache la Kwitanga. Mapokezi yenyewe tunayamudu: godoro, blanketi, chandarua, unga na maharage ya wiki mbili, kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu, barua ya zahanati ya gereza ili dozi isikatike. Kinachotushinda ni barua ya udhamini. Tunaomba ushauri wa wasomaji, hasa wanasheria na wenye mitumbwi.

Matajiri wa mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi na Katonga hawamkatai moja kwa moja mtu aliyetoka gerezani. Wanasema leteni barua kwamba jumuiya inamdhamini. Hofu yao ina msingi, kwa sababu usiku mmoja ziwani mvuvi anakabidhiwa injini, nyavu, taa na betri zake. Taa na betri ndizo zinazopotea kirahisi, maana zinanunuliwa mchana huohuo hata na mtu asiyejua uvuvi.

Kamati imegawanyika, na kila upande umeshika Biblia. Wapo wanaosoma Waraka kwa Filemoni mstari wa 18, Paulo anapolibeba deni la Onesimo. Wengine wanajibu kwa Mithali sura ya 6, inayomwonya aliyejifunga kwa kumdhamini mwenzake. Wa Filemoni wanasahau mstari wa 19: Paulo anaahidi kulipa yeye mwenyewe, tena kwa mkono wake. Hakuandika kwa niaba ya kundi.

Na hapo ndipo sheria inapobana. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura 345, mdhamini anabeba deni sawasawa na mdaiwa, isipokuwa mkataba wenyewe umeweka mpaka. Barua zinazotembea mwaloni zina sentensi moja tu, "tunamdhamini ndugu huyu kwa lolote litakalotokea", na hilo "lolote" linaweza kuwa injini nzima. Tena jumuiya yenyewe haijasajiliwa. Mali ya kanisa iko chini ya bodi ya wadhamini ya jimbo, si yetu. Shauri likifika mahakamani, wanaoitwa ni mwenyekiti na katibu waliotia saini, na kinachoweza kukamatwa ni mali yao wenyewe.

Kwa hiyo tumeandaa rasimu. Sehemu ya kwanza ni utambulisho tu: ndugu huyu analala nyumba gani, anaishi na nani, na balozi wake anamfahamu. Sehemu ya pili ni udhamini wenye mpaka: shilingi 150,000, kwa taa na betri peke yake, kwa wizi uliothibitika na kutolewa taarifa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) ndani ya siku 3. Dhoruba, injini kufa na nyavu kuchanika havimo. Muda ni miezi mitatu ya kazi, si ya kalenda. Ziwa likifungwa kama lilivyofungwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, udhamini wa miezi ya kalenda ungekwisha kabla mtu hajagusa wavu.

Sharti tunaloliona kuwa moyo wa barua ni daftari. Betri zihesabiwe jioni na zihesabiwe asubuhi, mbele ya nahodha, kila mtu asaini. Bila daftari hakuna fidia. Betri za mtumbwi hushikwa na wengi, na ikipungua moja, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yule aliyetoka Bangwe, hata kama usiku huo alikuwa kwenye kasia. Matajiri wawili wamelikubali hili. Wengine wanataka badala yake kumshikia kitambulisho cha NIDA, jambo tunalolikataa kabisa: laini yake ya simu ya zamani kwa kawaida imeshafungwa, na bila namba iliyo kwenye kitambulisho hawezi kusajili nyingine kwa alama za vidole, hivyo hana pa kutumiwa hata shilingi elfu tano na ndugu zake.

Kuna pia suala la mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi inalala siku kama kumi na mgao wa mapato unakatika. Mtu akianza kazi mbalamwezi inapokaribia, mafuta na chakula vinakatwa, anabaki na deni, kisha anakaa kijiweni na wenzake wa zamani. Ndiyo maana barua tunaitoa giza linapoanza. Siku za mbalamwezi tunampa kazi ya sabuni ya mawese, ila isitegemewe kuwa pesa ya kwanza. Lita 20 za mawese (kama kilo 18) zinataka kostiki soda kilo 2.4 na maji lita 6 hivi. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya soda huchemka ghafla na kukurukia usoni. Soda iliyoachwa wazi hunyonya unyevu, mizani inasoma kilo zilezile lakini nguvu haimo, na sabuni inabaki laini. Hata ikishika vizuri inahitaji wiki 4 kukauka. Wanaoiuza mapema wanapoteza wateja.

Bado hatujaafikiana kuhusu kosa lenyewe. Kanisani hatulitangazi, wala hatumsimamishi mtu kutoa ushuhuda Jumapili yake ya kwanza. Makofi yakiisha, jina la "yule wa gerezani" halimtoki tena. Kama kosa lilikuwa dhidi ya mtoto, wenyeji wa nyumba anakofikia wanaambiwa kabla, halali penye watoto na hakaribii mafundisho yao. Hilo halina mjadala. Lakini kama aliiba vifaa vya uvuvi, je, tajiri aambiwe? Baadhi yetu tunataka amwambie mwenyewe, mjumbe mmoja akiwepo, kabla barua haijasainiwa. Wengine wanasema kifungo kimekwisha, na deni lake kwa serikali limekwisha.

Tunauliza basi: je, mpaka wa 150,000 utasimama mahakamani ikiwa wanaosaini ni watu binafsi? Pesa hiyo ikae kwa mhazini wetu au kwa BMU? Na ninyi wenye mitumbwi, mnahitaji kujua kosa, au daftari la betri linatosha? Misamaha ya Rais ya Desemba 9 huleta watu kwa mpigo, hivyo tungependa barua iwe imekamilika ifikapo Novemba.

Kamati ya jumuiya, Katubuka, Kigoma