Kompyuta Mpya Haiwaki: Unacholipia Ni Kupima, Si Waya

"Elfu ishirini kwa kuhamisha kiwaya?" Tunaulizwa hivyo mara kwa mara hapa dukani, na safari hii kauliza mama mmoja wa Shangani, Mtwara, aliyeondoka akiamini kaibiwa. Mwanawe aliunganisha kompyuta nyumbani, vipuri vipya kutoka Kariakoo, na ilipofika wakati wa kubonyeza swichi, kimya. Tatizo lilikuwa viwaya vya kitufe cha kuwashia, ambavyo vilichomekwa kwenye pini za taa badala ya pini za swichi. Mama aliona fundi anavichomoa na kuvirudisha penye pini zake, mashine ikawaka. Hicho tu ndicho alichokiona, ndiyo maana akakasirika.

Ambacho hakukiona ni kazi iliyotangulia na iliyofuata. Tulianza na waya wa ukutani na fyuzi yake, tukapima pawasaplai, lile kasha linaloigawia mashine umeme, kwa mita, kisha tukagusanisha zile pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Mashine iliponguruma tukajua kasoro iko kati ya kitufe na mazabodi, ule ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote. Hatukuishia hapo. Tuliipa kazi nzito na kupima umeme ikiwa inahenya: ule wa volti 12 unatakiwa ucheze kati ya 11.4 na 12.6, ukitoka hapo pawasaplai hiyo si ya kuaminiwa. Tukapima na ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. Akifika nyumbani hatarudi kesho na ugonjwa mwingine. Hiyo ndiyo elfu ishirini, na tunaitaja kabla ya kufungua skrubu ya kwanza na kuiandika kwenye risiti. Kosa likiwa dogo bei haipungui, maana hakuna anayejua ni dogo mpaka lipatikane.

Wanaokwepa pesa hiyo huwa wanabahatisha, na kubahatisha huku kwetu Kusini ni ghali kuliko Dar. Mteja wa Tandahimba aliuza korosho zake mnadani, akaunganisha mashine ya kumfungulia kijana wake ofisi ya kuchapa na kudurufu. Haikuwaka. Rafiki akamwambia mazabodi imekufa. Akaagiza nyingine, ikasafiri zaidi ya kilomita 500 kwa basi, akaifunga, bado kimya. Alipotufikia akiwa na mazabodi mbili, zote zilikuwa nzima. Pawasaplai ndiyo ilikuwa haitoi kitu. Duka alikonunua mazabodi ya pili likakataa kuirudisha kwa sababu boksi limefunguliwa. Kila msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi kwenda mbele, tunapokea kesi za namna hii, na zinatuumiza kwa sababu ile ni pesa ya mwaka mzima shambani.

Tunaomba pia mteja atueleze vizuri anaposema haiwaki. Kuna mashine iliyokufa kabisa, hakuna feni wala taa. Kuna inayoshtuka sekunde moja na kuzima. Na kuna ambayo feni zote zinazunguka ila kioo cheusi. Haya ni maradhi matatu tofauti.

Iliyokufa kabisa, anza ukutani. Pawasaplai nyingi za mtumba zinakuja na plagi ya miguu miwili ya duara, na watu wanaisukuma kwenye soketi yetu ya matundu matatu kwa kuchomeka kalamu tundu la juu. Ukifanya hivyo huna ethi, ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, na plagi inakaa nusunusu. Tazama pia swichi ya nyuma ya pawasaplai. Kama ni ya zamani, ina kiswichi chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni 230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka, utasikia mlipuko na harufu ya kuungua, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia zaidi ya kukuuzia nyingine.

Inayoshtuka na kuzima mara nyingi ina shoti, na pawasaplai inajizima kujilinda. Usiendelee kubonyeza! Kijana mmoja wa Masasi alifunga mazabodi ndogo kwenye kesi kubwa na kuacha kimguu kimoja cha shaba, vile vinavyoinua mazabodi isiguse kesi, mahali ambapo mazabodi yake haina tundu. Kimguu kile kikawa kinagusa lehemu kwa chini. Kukitoa ni kazi ndogo. Lakini alikuwa amebonyeza jioni nzima akitumaini itakubali, na njia ya umeme kwenye mazabodi ikaungua. Angeileta mara ya kwanza tu, angelipa ya kupima akaondoka na mashine yake.

Sasa nifike kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote, waya za pawasaplai zinazochomoka pande zote mbili. Mwenye studio ya picha Lindi alibadilisha pawasaplai. Waya za ile ya zamani alikuwa amezipanga vizuri ndani ya kesi, zimefungwa na kufichwa, akaona si haja ya kuzitoa. Akachomoa pawasaplai tu, akaweka mpya, akachomeka waya zilezile. Ziliingia bila shida. Alipowasha, diski mbili zikafa papo hapo, na picha za harusi za wateja wake zilikuwa humo.

Upande wa waya unaoingia kwenye diski au mazabodi ni sawa dunia nzima. Upande unaoingia kwenye pawasaplai yenyewe kila kiwanda kinapanga kivyake, na hata kiwanda kimoja hubadilisha mpangilio kati ya toleo na toleo. Umbo linaweza kufanana kabisa, lakini pini inayotarajiwa kuleta volti 5 ikaleta 12. Diski haivumilii hilo hata kidogo. Kwa hiyo pawasaplai mpya, waya zake mpya, zote, hata kama kupanga upya kutakula mchana wako. Nasi tukikutoza kwa kupanga waya upya, usituone tunatafuta pesa. Yule bwana wa Lindi alilipa diski mbili, na wateja wake wakamdai picha ambazo hakuna duka linaloziuza.

Mfano wa pili unafanana na huo. Waya wa prosesa, ule ubongo wa mashine, na waya wa kadi ya picha zote zina pini 8, ila mpangilio wao si mmoja. Wa prosesa unagawanyika nne kwa nne, wa kadi unagawanyika sita na mbili. Ukiona lazima utumie nguvu kuuingiza, simama, siyo wake.

Kioo cheusi mara nyingi ni jambo jepesi. Ramu haijaingia mpaka kibanio kilie, au ziko mbili na zimewekwa nafasi zisizo zake. Kwenye mazabodi nyingi zenye nafasi nne, anza na ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na F hazitoi picha zenyewe, kwa hiyo waya wa kioo uingie kwenye kadi ya picha, si kwenye mazabodi. Na mazabodi iliyokaa sana dukani inaweza kuwa na baiosi, programu yake ya kuamshia mashine, ya zamani isiyoitambua prosesa mpya, hapo tuletee. Ramu za mtumba zikikaa karibu na bahari hushika kutu kwenye meno yake. Usipulize kwa mdomo, mate yanaongeza tatizo. Futio safi la penseli linatosha, taratibu, ukiwa umechomoa umeme.

Kuna wanaotuambia wameshapima pawasaplai kwa kipande cha waya, kuunganisha waya wa kijani na mweusi, na feni ikazunguka. Hilo linaonyesha kwamba inaamka. Halionyeshi kama inaweza kubeba mzigo, na nyingi zinazoletwa hapa zinaamka vizuri kabisa zikiwa tupu.

Mnaotuma mashine kutoka Newala, Nachingwea au Lindi, tafadhali ichomoeni kadi ya picha na muifunge peke yake, maana uzito wake hupasua nafasi yake kwenye mazabodi gari likiruka mashimo. Kesi isafiri imelazwa, mazabodi ikiwa chini na kioo cha ubavuni kikitazama juu. Wekeni ndani waya zote za pawasaplai, hata zile msizozitumia, na karatasi yenye maneno machache: ilikuwa inafanya nini mara ya mwisho, na nani ameshaifungua kabla yetu.